Funguo Zisilie

Usiku wa kwanza Sista Nakiete hakunipa faili.
Alinipa leso. "Zifunge funguo humu," akasema,
"zisilie. Hawa wote wameshasikia mlango ukifungwa."

Nikaizunguka wodi kimya,
mfukoni fundo la chuma
limelala kama mtoto mgongoni.

Chuoni nilikuwa nimekariri:
dalili, muda wake, uzito wake,
huzuni ilipoishia na sonona ilipoanzia,
mtu anayesali kwa sauti
na mtu anayemjibu asiyemwita.
Nilipata tisini na moja.
Kitanda cha saba hakikuniuliza alama.

Kitanda cha saba: Fundi Semboja
wa baiskeli, Ngamiani, barabara ya kumi na nane.
Kaka yake alimleta juu ya toroli.
Mlinzi wa geti akaandika daftarini: KICHAA MMOJA.
Sista akakata, mstari mmoja, hakugomba.
Akaandika: Semboja, miaka thelathini na minne.
Hajalala siku sita.

"Spoki zinanisema," Fundi akaniambia.
"Zote arobaini. Huzisikii?"

Nikameza mate.
Kusema ndiyo ni kumdanganya.
Kusema hakuna ni kumwacha nazo peke yake.
"Mimi sizisikii," nikasema, "ila naona zinakuchosha."
Akanitazama kama mgeni aliyesogezewa kiti.

Nikamshika mkono nipime mapigo,
nikaiona kamba.
Yenyewe haikuwapo, ilikuwapo alama yake,
pete mbili nyekundu, uzi kwa uzi.
Naijua katani. Nimezaliwa kambi ya mkonge.
Baba alitoka alfajiri na kisu,
na kamba zilizobaki zikaja nyumbani:
ya kuanikia nguo,
ya mbuzi,
ya shangazi Mwantumu.

Hatukumchukia. Hilo ndilo nililoshindwa kulieleza darasani.
Bibi alimlisha uji kwa kijiko, akiupuliza kwanza,
na kamba iko palepale, tendegu la kitanda.
Tulisema ana watu. Tulisema ni mwezi mpevu.
Majirani walikuwa na yao.
Hakuna aliyesema: anaumwa.
Neno moja, na nauli ya basi.

"Aliyemfunga ni kaka yake," nikamwambia Sista,
sauti yangu imepanda.
"Najua. Mpe kiti na yeye. Mpe maji.
Naye hajalala siku sita."

Wiki ya pili dawa ikaanza kushika,
ikashika na mikono. Chai ikamwagika kifuani.
"Fundi gani huyu," akasema, akaificha mikono chini ya shuka.
Tukamwita daktari, dozi ikashushwa.
Nikaandika kwenye faili: mikono hii inafunga njugu ndogo.
Daktari mgeni akacheka. Sista hakucheka.

Shaabani akaenda nyumbani, shati limepigwa pasi.
Mfunguo Mosi akarudi:
alifunga mwezi mzima, na vidonge akavifungia sandukuni.
Nikashika kalamu niandike ameshindwa.
"Andika amerudi," Sista akasema.
"Njia anaijua. Wangapi hawaijui?"

Sista sasa yuko Pongwe, amestaafu, anafuga ng'ombe wawili.
Leso ninayo mimi, imepauka.

Leo gurudumu langu la nyuma linapiga yowe
tangu Chumbageni. Fundi amelisikia kupitia dirishani.
"Lete spana ya spoki," ameniambia.

Spana ni chuma. Chuma hapa huhesabiwa:
vijiko ishirini na viwili, mikasi mmoja, wembe hakuna.
Nimesimama nayo mkononi muda mrefu
kuliko inavyomstahili mtu niliyemjua miezi saba.
Kisha nimempa,
nikachuchumaa karibu.

Anazungusha polepole, anagonga kila spoki kwa ukucha,
anatega sikio.
Nami moyo unanidunda.
"Zinasemaje?"
"Hii imelegea," anasema, bila kunitazama.
"Hii tu."

Daftarini nimeandika: spana moja, imetoka saa tisa na robo.
Safu ya pili iko wazi.
Bado anakaza.