Bei ya Mwisho

Ninazo besi tano, zote za umeme,
na nyumba ambamo umeme huja kama mgeni wa matanga:
anakula, anaaga.
Hakuna iliyozidi laki mbili. Hiyo ndiyo sheria,
niliichora kwa ncha ya lehemu juu ya meza ya kazi,
pale ninapofungua simu za watu wa Arua
zilizotumbukia kwenye supu, chooni, Mto Enyau.

Driciru, mke wangu, husema rahisi ni ghali.
Namjibu: ghali nayo ni ghali, tena haina hadithi.

Ya kwanza niliipata Ariwara, ng'ambo ya mpaka,
imelala kati ya vitenge na betri za pikipiki.
Nyuzi tatu za kweli; ya nne, ile nene,
ilikuwa waya wa breki ya baiskeli.
Muuzaji akaapa hakuna atakayejua.
Na kweli hakuna aliyejua, ila vidole vyangu.

Ya pili ni ya Kichina, nyekundu kama kucha za bibi harusi,
shingo imepinda kama mpini uliosahauliwa mvuani.
Ya tatu haina masikio mawili; naikaza kwa koleo.
Ya nne tuiache.
Nilibadilishana na simu ambayo mwenyewe
hakuja kuichukua kwa miezi tisa.

Ya tano ilikuwa ya Avutia.
Alipiga harusi za Mvara, za Oli, mpaka Nebbi,
akafa Machi, kimya, kama wapiga besi wafavyo:
watu wanahisi muziki umekuwa mwepesi,
hawajui kilichotoka.

Onziru, mjane wake, alitaka laki na nusu.
Nikafanya ninachofanya siku zote. Nikaigeuza chali,
nikapitisha ukucha kwenye nyufa za rangi,
nikavuta hewa kwa meno,
nikasema kutu, nikasema skrubu zimelegea,
nikasema mama, hali ya biashara unaijua.
Bei ya mwisho?
Tisini.
Akanitazama kama mtu anayesoma mita.
"Chukua."

Nyumbani nikafungua mfuko. Mkanda wa ngozi ulikuwa ndani,
na mahali pa bega pamekuwa peusi, laini,
chumvi ya miaka kumi na mmoja.
Sikuipiga. Wiki tatu niliipangusa tu.
Zile elfu sitini nilizopunguza
zikawa zinadunda nikilala, chini chini,
nje ya pigo.

Basi Jumamosi nikazitia noti kwenye bahasha,
nikaenda na hotuba niliyoitunga njiani.
Onziru alikuwa akipepeta ufuta. Hakuniacha nimalize.
Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kitenge,
ndipo akacheka, cheko la tumboni:
"Ungekaza kidogo ningekupa kwa sabini!
Miaka kumi na mmoja ukuta wangu unaguna.
Hata kuku walihamia kwa jirani."

Akarudi kwenye ungo.
Bila kuinua macho akauliza:
"Ule uzi wa chini,
bado unatetemeka ukiachwa peke yake?"

Nikasema nitasikiliza.

Usiku huo umeme ulikuwa umeshaaga.
Kuna njia, kila maskini wa besi anaijua:
unaegemeza taya kwenye pembe ya mbao,
unabana meno, unagusa uzi,
na sauti ambayo chumba hakiisikii
inapanda kwa njia ya mfupa.
Driciru akauliza gizani ninafanya nini.
Sikumjibu, taya lilikuwa kazini.

Unatetemeka, Onziru.
Kidole kimeshaondoka, nao unatetemeka.

Kuna mtu Koboko anauza ya sita, laki moja na themanini.
Nimeapa safari hii sitapunguza.
Labda kumi tu.