Daftari la Hamsini na Moja

Nimetumwa stoo kutafuta ufunguo wa dari.
Popo wamezidi, mkojo wao umechora ramani
juu ya kichwa cha mhubiri.
Ufunguo sikuupata. Nimepata daftari,
jalada limeliwa na mende,
mwandiko wa babu yangu Kisia, karani kabla yangu,
herufi zimelala upande mmoja
kama mahindi baada ya mvua ya mawe.

“Kikao cha tatu. Ndugu Onzere amesimama.
Asema kinanda hiki ni sauti ya dansi,
kikiingia mlangoni, yeye atatokea dirishani.
Mama Vihenda asema: basi dirisha tulifungue.”

Nimecheka peke yangu gizani.

Maana Jumapili iliyopita, mimi, mjukuu,
niliandika kwa kalamu yangu mwenyewe:
Isukuti haitaingia. Kinanda kinatosha.
Kinanda ndicho tulichorithishwa na watakatifu.
Vijana wakaitikia, “Sawa, karani,”
kwa heshima kabisa,
wakachukua makoti yao, wakashuka bondeni
kwenye turubai la bluu karibu na kiwanda cha chai.

Tukabaki kumi na tisa.
Nilihesabu mara mbili,
mara ya pili nikajihesabu na mimi.

Nina chai kidogo hapa Mudete.
Kila mwaka wa nne nashika panga,
naikata hadi magotini, vinabaki vijiti,
na mgeni akipita barabarani
hudhani nimefilisika.
Sijawahi kuiwekea matanga.
Sijawahi kuita kamati.
Najua tu kwamba chai isiyokatwa
hurefuka, ikawa mti,
ikapendeza kwa mbali,
na mchumaji hafikii jani.

Sasa aliyenifunza kuliogopa panga
mlangoni pa kanisa ni nani?
Si Kisia. Kisia ameandika, mstari wa mwisho:
“Kinanda kimeingia. Onzere hakutokea dirishani.
Ameketi nyuma. Mguu wake wa kulia unacheza.”

Chini yake pana nafasi, vidole vitatu.
Nimeandika:
Kikao kiitwe upya.
Ajenda ya kwanza, popo.
Ya pili, dirisha la Mama Vihenda.

Na ufunguo, mlinzi ananiambia, anao Kidake,
yule mpiga isukuti, ndiye aliyekuwa akipanda darini.
Ameondoka nao mfukoni.
Basi nitashuka bondeni Jumapili, mapema,
kuufuata ufunguo tu,
najiambia,
nikitafuta viatu visivyoteleza.