Daftari la Vipimo

Kila Ramadhani, kumi la mwisho,
mama huja kibarazani kwangu kupimwa dera la Idi.
Husimama mbele ya cherehani, mikono kaiachia,
nami nateremsha futi kutoka begani hadi kifundo cha mguu,
naandika kwa penseli: Somoe, hamsini na nne.

Mwaka uliofuata, hamsini na tatu na nusu.
Nikasema futi imelegea, nimekaa nayo miaka.
Nikanunua mpya kwa Nanjota, pale stendi ya Newala.
Hamsini na mbili.
"Kitambaa chako siku hizi kinakua," akaniambia,
akicheka, pindo likifagia vumbi.
Sikucheka sana.
Fundi anajua nguo hairefuki.

Kisha siku moja ya msimu, shambani,
aliinama, akageuka kutupia kikapuni korosho moja,
moja tu, nyepesi kama kifungo cha koti,
mgongo ukalia ko!
Hakuanguka. Hakupigwa na kitu.
Alikaa tu pale chini, akaomba tusimguse.

Ndanda walitundika picha mbele ya taa.
Daktari akahesabu pingili kwa ncha ya kalamu,
kama mtu anayehesabu za muwa, akasita kwenye moja
iliyobonyea mfano wa kopo la maziwa lililokanyagwa.
"Hapa hakuna mkono wa mtu," akasema. "Mfupa umepungua ujazo.
Umekuwa mkate wa kumimina:
nje umeumuka, ndani matundu."
Akauliza damu ya mwezi ilikoma lini.
Mama akanitazama. Nikatoka nje kuangalia pikipiki.

Mikutanoni husema korosho ni uti wa mgongo wa mkoa.
Nimelisikia tangu shule, nikapiga makofi.
Hakuna aliyeuliza habari za mgongo wenyewe,
wa yule anayeiokota,
ule uliopanda na ndoo kutoka bonde la Kitangari
kabla ya mabomba, alfajiri, mimi nikiwa mbelekoni,
nikinyonya chokaa ya humo humo.

Sasa nyumbani tuna sheria ambazo hazikupita bungeni.
Ndoo haipandi kichwani.
Kitu kikiwa chini, magoti ndiyo yakunjwe, si kiuno.
Ule mkeka wa mlangoni unaoteleza nimeutupa darini.
Dagaa wanaliwa na miba yao, kisamvu hakikosi,
jua la asubuhi analifuata kwa miguu
hadi kwa Binti Nangwele na kurudi, umbea ukiwa ndani yake.
Na kuswali, shehe kasema, kiti kinatosha.
Hilo la kiti aliligomea wiki nzima.

Na Jumatatu kuna kidonge.
Kimoja kwa wiki, tumbo tupu, maji glasi nzima,
halafu nusu saa asilale, asile, asiiname.
"Nifanye nini sasa, nusu saa nzima?"
"Simama tu, mama."
Hajawahi kupewa kazi ngumu namna hiyo.
Jumatatu ya kwanza nilimnyang'anya ufagio.
Ya pili nikamnyang'anya ungo wa mbaazi.
Ya sita nilimkuta mlangoni, kashika mwimo,
anautazama ukungu unavyopanda kutoka bondeni.
"Kumbe huwa yanapanda yenyewe," akasema,
"maji. Bila kubebwa na mtu."

Mwaka jana, hamsini na moja.
Mwaka huu nimepima mara tatu, sikuiamini penseli yangu:
hamsini na moja.
Zile tatu zilizokwenda hazirudi, daktari alishasema,
na mgongo una kilima chake sasa.
Basi dera nimelikata nyuma refu kuliko mbele, inchi mbili,
lifuate mgongo ulivyo, lisiudai ulivyokuwa.
Akalivaa, akajigeuza taratibu, miguu kwanza,
kama alivyofundishwa,
akatazama pindo: limekaa sawa, vumbi halikuguswa.
"Safari hii," akasema, "kitambaa chako hakikukua."
Akaondoka bila kulipa, kama kawaida yake.