Upande wa Tanuri

Ganda la kwanza lilitoka na mstari.
Nikasema, bahati mbaya.
La pili, mstari. La tatu, mstari,
kutoka begani hadi karibu na kitako,
mwembamba kama ukucha wa paka aliyeudhiwa.

Lowell Tveit, jirani, amekalia ndoo iliyofudikizwa,
kahawa mkononi, kofia ya manyoya haijavuliwa.
"Ni uchafu, Ardis. Hukuyaosha."
Niliyaosha. Mara mbili, kwa maji moto na siki,
nikayakausha kwenye oveni ileile ya mikate
hadi jikoni kukanuka kama senti za zamani.
"Basi hukuyapaka mafuta."
Niliyapaka, moja moja, kwa kidole gumba,
kama unavyompaka mtoto kabla ya kumvika sweta.

Juu yetu, Februari ya Roseau:
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
theluji imeziba kidirisha cha chumba hiki cha chini,
mwanga unaingia wa buluu, kama ndani ya chupa.
Palipo na joto, mwanamume hukaa na neno lake.

Sikubishana. Kubishana na Lowell
ni kutwanga maji.
Nikachukua kalamu ya wino mzito,
nikatia nukta kwenye ganda, nukta kwenye kalibu,
nukta ikatazamana na nukta,
nikashusha mkono wa mashine.
Mstari ukatoka upande wa tanuri.
Ganda jingine: nikaligeuza robo, nukta yake ikatazama ngazi.
Nikashusha.
Mstari ukatoka upande wa tanuri.

Shaba iligeuka, jeraha halikugeuka.
Mwenye kisu, basi, si mgeni.
Ni mwenyeji.

Nikaifungua kalibu, nikachomoa pini yake ya katikati,
nikaimulika kinywani kwa kurunzi kama daktari wa meno.
Kuta zote kioo,
ila mahali pamoja, ukoko:
shaba iliyong'ang'ania chuma
kama uji uliosahauliwa sufuriani,
na katikati ya ukoko, chembe.
Niliing'oa kwa kijiti cha meno.

Kisha kipande cha mti wa mbetula, ncha imepasuliwa,
msasa wa mwisho kabisa,
ule ambao ukiupapasa unadhani umeuziwa karatasi,
umeloweshwa mafuta, umeviringishwa,
na keekee imeking'ata kijiti kwa nyuma.
Hapa ndipo mkono hutafuta sifa.
Einar, Mungu amrehemu, alikuwa na mkono wa namna hiyo:
alisugua silinda ya trekta hadi ikapwaya,
akaandikia kiwanda barua ya matusi.
Mimi nahesabu. Pumzi tatu, simamisha. Futa. Tazama.
Pumzi tatu tena.
Chuma kikishaondoka
hakuna duka linalokiuza kile kilichokuwapo.

Nilipokuwa nikifuta, nikaiweka ile chembe chini ya kioo cha kukuzia.
Mchanga. Mwekundu.
Shambani kwangu hakuna mchanga mwekundu.
Uko kwenye shimo la kokoto la kina Tveit,
ambako Lowell hulenga makopo kila Septemba,
na Septemba iliyopita aliiazima kalibu hii kwa siku mbili
akairudisha Novemba,
pamoja na mtungi wa jemu ya matunda ya porini.

Nikaidondosha juu ya karatasi nyeupe
karibu na kikombe chake.
Sikusema kitu.
Aliitazama muda mrefu.
Kikohozi. Kahawa. Kikohozi.

Ganda lililofuata lilipanda na kushuka bila mkwaruzo,
mkono wa mashine mwepesi hata nikauogopa.
Lowell akalinyakua, akalipeleka chini ya taa,
akalizungusha, akalizungusha,
akitafuta kwa bidii ambayo angeitumia kusafisha
tusingefika hapa.

"Hm," alisema. "Halina kitu."
Akavaa glavu, moja, kisha ya pili.
Kwenye ngazi, bila kugeuka:
"Lakini ile jemu ilikuwa nzuri."

Ilikuwa nzuri.
Nilimwambia hivyo.