Swichi ya Mama Skola

Kraun ya mwaka sabini ililetwa Mkuti
ikikokotwa na trekta la ushirika kwa kamba ya katani.
Mwenyewe amekaa usukanini, kofia kichwani,
anapiga honi kila kona
utadhani ni yeye anayelivuta trekta.

"Giaboksi imekufa," alisema. "Marehemu alitangulia,
hii ikamfuata. Nitafutie nyingine.
Lakini gari libaki vilevile. Hata harufu."

Ya zamani ilikuwa na gia mbili tu,
kama mtu mwenye majibu mawili kwa maswali yote.
Mafuta yake meusi, yananuka
korosho zilizoungulia kwenye pipa.

Nyingine niliitoa kwenye Mark Two
iliyopinduka mteremko wa Nangoo.
Redio iliibwa, viti viliibwa, kompyuta iliibwa;
giaboksi waliiacha kwa kuwa ni nzito.
Gia nne, na ndani ya konveta
klachi ndogo ya kufungia.

Wiki tatu chini ya gari.
Nikakata propela, nikachomelea kitako,
nikaomba boliti kwa Dismas wa matrekta,
akanipa mbili, nikarudi, akanipa mbili.

Mama Skola alikuja kila alasiri na kigoda chake.
"Nieleze. Nimefundisha hesabu miaka thelathini."
Nikamchorea mchangani kwa bisibisi:
feni mbili zinatazamana ndani ya mafuta.
Injini inazungusha moja, inarusha mafuta,
mafuta yanaisukuma ya pili, ya pili inasukuma magurudumu.
Hazigusani.
"Kamwe?"
Kamwe. Ndiyo maana unasimama na gia imeingia
na injini haizimi.
Ila kuna utelezi: hii ikienda mia, ile inakwenda tisini.
"Kumi zinakwenda wapi?"
Zinakuwa joto, mama. Petroli uliyokwisha kulipia.
Akaandika kumi kiganjani kwa kalamu nyekundu.

Barabara ikinyooka, mwendo ukitulia,
klachi inabana, feni mbili zinakuwa kitu kimoja.
Mia kwa mia. Lakini ubongo wa kuamua lini
uliibwa Nangoo.
Nimekuwekea swichi chini ya kisahani cha majivu.
Ubongo ni wewe.

Tulitoka Jumamosi kabla ya jua, yeye anaendesha,
mabibo yananuka kutoka Chikundi hadi Ndanda.
Tulipoipita Mtama barabara ikanyooka.
"Sasa?"
Sasa.
Tak.
Mshale ukashuka kidogo, kama mtu aliyelegeza mkanda.
Injini ikakaa. Ukabaki mluzi wa upepo
kwenye mpira wa dirisha uliochakaa,
na yeye, kidole bado juu ya swichi,
kana kwamba akikiondoa itasahau.

Mikindani, kwenye mteremko, mbuzi watatu.
Akakanyaga breki. Ya swichi hakukumbuka.
Injini ikatikisika mara mbili, ikazima,
lori la korosho nyuma yetu, dereva katoa kichwa
na baada ya kichwa, matusi.
Nikanyoosha mkono. Akaupiga kofi.
"Usiniguse ubongo."
Akafungua mwenyewe, akawasha,
akawaomba mbuzi radhi.

Mtwara tukajaza tangi. Zamani lita ishirini na tano,
leo ishirini na moja na nusu.
Aliziandika kwenye daftari la marehemu,
safu aliyoiacha bila kupigia mstari.
Nikasema, marehemu angefurahi.
"Angekataa," alisema. "Angesema umeliharibu.
Halafu angeliendesha hadi Songea usiku,
asimwambie mtu."

Siku hizi niko chini ya magari ya watu wengine.
Jioni nalisikia linakuja kwa barabara ya Ndanda,
sauti imenyooka. Likikaribia tuta la kwanza,
injini inapandisha pumzi, kidogo tu.

Ameachia.