Jumla

Nepal kuna wilaya iitwayo Jumla.
Jina sikulitunga mimi; lilikuwapo
kabla karani hajapanda mlima na daftari la sensa,
miwani imejaa ukungu,
kuhesabu wakulima.

"Mwenye shamba?"
"Yuko Katari. Anamwaga zege."
"Jina lake?"
"Birkha Rokaya. Mwaka wa sita huu."
Akaandika: Birkha Rokaya, mkulima.
"Na wewe?"

Jaukala alikuwa kwenye kitalu cha mpunga,
tope limempanda viwikoni.
Kabla hajafungua kinywa kalamu ilishajibu:
mke, hana kazi.

Basi ni nani
aliyeloweka mbegu siku nne katika maji ya Tila,
akazifungia gome la mti, akazilaza kando ya meko
kama kichanga chenye homa,
akiamka usiku kuzigusa: zimepoa? zimechipua?
Ni nani aliyepandisha samadi, kapu mgongoni,
kamba kwenye paji la uso
hata nywele za mbele zikakataa kuota?

Na plau.
Mwanamke haigusi plau, walisema, mvua itakimbia.
Mwaka wa tatu hakukuwa na mwanamume wa kukodi;
waliobaki ni watoto, na mzee mmoja wa mguu mbovu.
Jaukala alifunga maksai gizani, akalima hadi kukapambazuka.
Mvua ikanyesha.
Yule mzee akasema hiyo ilikuwa ya kijiji jirani,
imepotea njia.

Mkwewe Nandakali, mtunza mbegu,
ajuaye kwa kidole tu suke lipi ni la kula
na lipi la kesho,
alikaa kizingitini akimsikiliza karani.
"Mwanangu," akasema, "umesahau maksai.
Mwandike naye. Hana kazi."

Karani akacheka, kisha akaacha kucheka.

Akaletewa chakula: wali mwekundu, mboga ya majani.
Akala. Akaomba tena.
Akala huku akipiga mstari chini ya ukurasa,
akajumlisha kijiji kizima:
wakulima kumi na wanne,
na wote, alipotazama upande wa pili,
hawapo.

Alikaa kitambo akiitazama hesabu yake.
Punje moja nyekundu ilikuwa imeganda
juu ya neno *hana*.
Aliikwangua kwa ukucha, ikaacha doa.

Jaukala hakuliona.
Alisharudi kitaluni;
miche ikifika kimo hicho
haimngoji mtu.