Risiti ya Wembe

Kwenye skrini yangu chuma ni bluu,
sabuni ina rangi ya chungwa,
na kila abiria ni mkoba uliochunwa ngozi.
Saa kumi na moja alfajiri, Erzurum, theluji imefika dirishani.
Mkanda ukaniletea brashi, bakuli, bonge la shabu,
na katikati yake, umelala kwa adabu ndani ya flana,
wembe.

Si wa plastiki. Si wa kufungua kichwa.
Wembe wa kukunja, mpini wa pembe ya nyati,
mali ya mtu anayeishi kwa shingo za wenzake.

Nikasimamisha mkanda. Nikainua macho.
Fundi Hasip,
wa duka lililotazamana na tanuri la mikate,
ambako nilimngoja baba kizingitini,
kwa kuwa msichana hakuingia,
nikimfuata kwa masikio:
kwaruu, kwaruu, kimya,
kisha kofi dogo la shavu, na baba kucheka.
Hakunitambua. Sare humeza mtu.
Kidevu chake kilikuwa na mvi za siku tatu;
kinyozi hajinyoi, kweli.

"Mjukuu wangu anaoa Jumamosi, Dortmund.
Bwana harusi wa kwetu hanyolewi na mtu baki."

Nikamwambia brashi inapita.
Sabuni kavu inapita. Shabu inapita,
ingawa Kürşat aliipangusa kwa kijitambaa cha kupimia baruti
tukaingoja mashine iamue
kama jiwe la kuzuia damu lina nia mbaya.
Wembe haupiti.
"Ungeuweka kwenye mzigo wa chini, mjomba."
"Mzigo wa chini wa nini? Shati moja na suti?"
"Dortmund nyembe zipo."
"Za plastiki," akasema,
kama anayetaja ugonjwa mbele ya mgonjwa.

Mtoto akililia wembe, mpe. Hilo tunalo.
Mzee je? Hatukuachiwa methali.
Naye hakulia. Aliuliza tu kama nitaufunga tena kwenye flana.

Halafu ile chupa: marashi ya limau,
mililita mia nne, kikomo ni mia.
Nikanyoosha mkono niitupe.
"Subiri, binti. Harufu haitupwi."
Akageukia foleni akafungua kizibo.
"Viganja!"
Na watu, wakiwa na soksi, mikanda mkononi,
suruali wakizishikilia kwa viwiko,
wakatoa viganja kama wageni sebuleni:
mama mwenye mapacha, askari wa likizo,
Mjerumani mrefu aliyedhani ni utaratibu mpya wa ukaguzi.
Kijana wa nyuma kabisa, kuona mwenziwe ananyolewa,
akainywa chupa yake ya maji yote kwa mkupuo, akapaliwa.
Mimi nilivua glavu moja.
Msimamizi alikuwa anatazama. Nilivua hata hivyo.

Ukumbi mzima ukanukia Ijumaa ya mtu aliyetoka kunyolewa.

Nikaandika: wembe mmoja, mpini wa pembe, siku thelathini.
Akaikunja risiti ndani ya kofia
akaenda na brashi yake, bila kugeuka.

Sasa wembe uko kwenye sanduku la plastiki angavu,
pamoja na mikasi ya kucha, vizibuo vya mvinyo,
bisibisi ya mtu aliyekosa ndege kwa kubishana.
Siku ya nne, saa ya chai, niliutoa.
Niliukunjua taratibu, dirishani,
nikachungulia bawabu lake, pale mpini unapoumeza ubavu,
nikitafuta unywele. Hata mmoja. Mweusi, wa zamani,
wa mtu niliyemngoja nje.

Safi. Hakuna kitu.
Arobaini ya miaka, na hakuna kitu.
Fundi ni fundi.

Nikaurudisha kwenye flana. Leo ni siku ya ishirini na sita.
Kürşat anasema wengi hawarudi.
Mimi naangalia foleni ya wanaowasili,
ambayo si kazi yangu,
nikitafuta kidevu.